Mazungumzo ya Jamaa: Mwanga mdogo penye ncha ya kidole



Katika mazungumzo yetu ya leo twataka kuwaeleza habari za chombo kidogo ambacho wengi wenu mmekwisha kukiona katika dispanseri au hospitali. Chombo hicho hushika ncha ya kidole kama kibanio kinavyoshika nguo penye kamba. Chawaka mwanga mwekundu, na baada ya muda mfupi chaonyesha namba mbili. Mwuguzi azitazama, aziandika katika karatasi, akitoa chombo na kwenda kwa mgonjwa mwingine. Wazazi wabaki wakiulizana: Ameona nini? Namba zile zasema nini juu ya mtoto wetu? Wengine huona haya kuuliza. Wengine hudhani kwamba chombo chenyewe ni dawa, na kwamba mtoto atapona kwa kubanwa kidole. Na wengine tena, walio na fedha, wamejinunulia chao sokoni, nao hukisadiki kuliko macho yao wenyewe.

Yafaa basi tukijue. Chombo hiki huitwa oksimeta, maana yake kipimo cha oksijeni. Kimesaidia kuokoa wagonjwa wengi sana duniani. Lakini kina mipaka yake, na mpaka mmoja watugusa sisi watu wenye ngozi nyeusi kuliko watu wengine. Asiyejua mipaka hiyo aweza kumpoteza mtoto wake huku namba ikimwambia kwamba hakuna neno.

DAMU NA MZIGO WAKE

Wanafunzi wamefundishwa shuleni kwamba hewa tunayovuta ni mchanganyiko, na kwamba katika sehemu 100 za hewa, karibu sehemu 21 ni oksijeni. Oksijeni hiyo ndiyo inayotunza uhai wa mwili kama hewa inavyotunza moto wa makala. Ubongo ukiikosa kwa dakika chache tu huanza kuharibika.

Lakini oksijeni haifiki miguuni wala kichwani yenyewe. Yahitaji mchukuzi. Mchukuzi huyo huitwa hemoglobini, naye akaa ndani ya chembe nyekundu za damu. Hemoglobini moja yaweza kubeba oksijeni nne. Yazipakia mapafuni, moyo waisukuma njiani, nayo yazipakua popote penye kazi, kisha yarudi mapafuni kuchukua mzigo mpya.

Ninyi mnaokaa Goma na kandokando yake mwazijua chukudu, vile vyombo vya mbao vya magurudumu mawili vinavyoteremka kutoka mashambani na viazi, kabichi na makala. Fikirini kwamba kila hemoglobini ni chukudu moja. Mapafu ndiyo shamba. Moyo ndio kijana anayesukuma. Viungo vya mwili ndio soko linalongoja. Oksimeta ni kama mtu aliyesimama kandokando ya barabara, akitazama chukudu zinazoteremka na kusema: Katika chukudu 100, zilizojaa ni ngapi? Akisema 98, maana yake karibu zote zimejaa. Akisema 85, maana yake nyingi zateremka tupu, na soko laanza kuona njaa.

Hiyo ndiyo namba ya kwanza. Kwa mtu mzima mwenye afya, aliyekaa nchi ya chini, huwa kati ya 95 na 100. Namba ya pili ni hesabu ya mapigo ya moyo kwa dakika moja. Kwa mtu mzima aliyetulia, kwa kawaida huwa kati ya 60 na 100, na kwa watoto wachanga moyo huenda mbio zaidi.

JINSI MWANGA UNAVYOSOMA DAMU

Jaribuni jambo hili usiku. Washeni tochi yenye nguvu, mkaifunike kwa vidole katika giza. Vidole vyaonekana vyekundu, kama kaa la moto. Mwanga umepita katika nyama, na rangi nyingine nyingi zimezuiwa njiani. Wekundu ndio uliofaulu kutokea upande wa pili.

Tena, aliyewahi kuchinja mbuzi amekwisha kuona kwamba damu si ya rangi moja. Ile inayoruka kutoka mshipa mkubwa wa shingo ni nyekundu yenye kung'aa. Ile inayorudi moyoni ni nyekundu yenye weusi. Ya kwanza imejaa oksijeni, ya pili imekwisha kuipakua. Basi, kama rangi yabadilika kwa kadiri ya mzigo, anayeweza kupima rangi aweza kuujua mzigo, wala hana haja ya sindano.

Upande mmoja wa oksimeta mna taa mbili ndogo. Moja yatoa mwanga mwekundu. Nyingine yatoa mwanga ambao macho ya mwanadamu hayauoni, ulio jirani ya wekundu. Upande wa pili pana kijicho kinachopokea mwanga uliovuka kidole. Damu yenye oksijeni huuachia mwanga mwekundu upite, lakini huuzuia zaidi ule usioonekana. Damu iliyokosa oksijeni hufanya kinyume. Chombo chalinganisha mianga hiyo miwili, nacho chapata jibu.

Hapa mwanafunzi mwerevu atauliza: Lakini kidole kina ngozi, mfupa, nyama, na damu ile inayorudi moyoni. Vyote hivyo huzuia mwanga. Chombo chajuaje kuitenga damu inayotoka moyoni? Swali hili liliwashinda wenye elimu kwa muda mrefu.

BWANA AOYAGI NA KERO YAKE

Mwaka wa 1935 Mjerumani Karl Matthes alikuwa amekwisha kupima oksijeni ya damu kwa mwanga uliopita katika sikio. Wakati wa vita kuu ya pili, Mmarekani Glenn Millikan alitengeneza chombo cha namna hiyo kwa ajili ya marubani, kwa maana ndege zilipopanda juu sana marubani walizimia kwa kukosa oksijeni. Lakini vyombo vile vilikuwa vigumu kutumia, wala havikuweza kuitenga vema damu inayotoka moyoni na ile inayorudi.

Aliyefumbua fumbo alikuwa Mjapani, Bwana Takuo Aoyagi, aliyezaliwa mwaka wa 1936 katika jimbo la Niigata. Mwaka wa 1971 aliingia kazini katika kiwanda cha Nihon Kohden mjini Tokyo, kinachotengeneza vyombo vya hospitali. Yeye hakuanza kwa kutafuta kipimo cha oksijeni. Alitaka kupima wingi wa damu inayosukumwa na moyo, kwa kutia rangi katika mshipa na kuitazama ikipita sikioni kwa msaada wa mwanga. Akachora mstari wake, lakini mstari haukutulia: ulipanda na kushuka pamoja na kila pigo la moyo. Mapigo yale yalikuwa kero. Yaliiharibu hesabu yake.

Bwana Aoyagi akajaribu kuyafuta kwa kulinganisha mianga miwili. Akafaulu. Lakini aliona kwamba oksijeni ya damu ikipungua, kero yarudi. Mwingine angekasirika na kuacha. Yeye alifikiri: Ikiwa kero hii yabadilika pamoja na oksijeni, basi kero yenyewe ndiyo kipimo! Kwa maana ngozi haipigi, mfupa haupigi, damu inayorudi yatiririka kimya. Ni damu inayotoka moyoni peke yake inayovimba na kupungua kwa kila pigo. Basi yatosha kuacha yote yasiyobadilika, na kusoma yale yanayopiga tu. Ni kama mtu aliye katika umati wa watu siku ya sikukuu, mwenye kusikia makelele ya daima pande zote, lakini ategea sikio ngoma moja tu.

Hayo aliyatambua mwaka wa 1972, na mwaka wa 1974 yeye na wenzake waliyatangaza mbele ya wenye elimu wa Japani. Hayakupokelewa kwa shangwe kubwa. Viwanda vingine, vya Japani na vya Marekani, ndivyo vilivyokieneza chombo, na katika miaka ya 1980 kikaingia katika vyumba vya upasuaji. Huko kilibadilisha mambo. Mgonjwa aliyelazwa usingizi wa dawa hawezi kusema kwamba akosa pumzi, na jicho la mganga huchelewa kuona midomo ikigeuka rangi. Chombo kilimwambia mapema. Mwaka wa 2008 Shirika la Afya Ulimwenguni, liitwalo OMS kwa Kifaransa, liliandika orodha ya mambo ya kuhakikishwa kabla ya kumpasua mtu, nayo oksimeta imo. Tangu mwaka wa 2011 shirika la Lifebox limepeleka maelfu ya vyombo hivyo katika hospitali za nchi maskini. Bwana Aoyagi alifariki tarehe 18 Aprili 2020, mwenye miaka 84, katika siku zile zile ambapo ugonjwa wa Covid ulikuwa ukienea duniani na kila nchi ikikitafuta chombo chake.

NAMNA YA KUKITUMIA

Mgonjwa na akae ametulia, mkono umepumzika, usichezechezwe. Mkono ukiwa baridi, uusugue kwanza mpaka upate joto, kwa maana damu ikiwa chache kidoleni chombo husoma vibaya. Rangi ya kucha iondolewe. Pasiwe na jua kali linaloangaza juu ya kidole. Kwa mtoto mchanga yatakiwa chombo kilichofanywa kwa ajili ya watoto, chenye kufungwa penye mguu au mkono. Kile cha watu wazima hakimfai.

Kisha ngojeni. Msichukue namba ya kwanza inayotokea, bali ile iliyokaa bila kubadilika. Na hapa kuna siri moja ambayo kila mtu aweza kuitumia: shikeni mshipa wa kifundo cha mkono wa mgonjwa, mhesabu mapigo kwa dakika moja, mkalinganishe na namba ya pili ya chombo. Zikipishana sana, chombo hakisikii mapigo vema, wala namba yake ya oksijeni haina maana.

Tena mjue kwamba mahali petu pa kukaa pana neno lake. Ziwa Kivu liko juu ya usawa wa bahari kwa mita 1.460 hivi. Hewa ya huko ni nyepesi kuliko ile ya Kinshasa au Matadi, na mtu mzima wa afya aweza kuwa na namba iliyo chini kidogo ya ile ya mtu wa pwani. Lakini chini kidogo si chini sana. Kwa kawaida namba iliyo chini ya 90 ni hatari, na mgonjwa wa namna hiyo ahitaji oksijeni ya hospitali bila kukawia.

Kwa watoto waliozaliwa kabla ya wakati, chombo chalinda pande mbili: oksijeni ikipungua mtoto afa, na oksijeni ikizidi yaweza kumharibu macho. Kwa hiyo wauguzi huitazama namba ili wasipunguze wala wasizidishe. Katika nchi nyingine hupimwa pia mkono wa kuume na mguu wa kila mtoto mchanga, ili kugundua moyo uliozaliwa na kasoro kabla ya kumrudisha mtoto nyumbani.

Vijana wa mjini watatuuliza juu ya saa za mkononi zenye mwanga wa kijani upande wa chini. Hizo nazo hufuata njia ile ile: zatazama mwanga unaorudi kutoka ngozi na kuhesabu mapigo. Nyingine zaweza kumwonya mtu kwamba moyo wake wapiga pasipo utaratibu. Onyo hilo lisidharauliwe. Lakini lisiitwe hukumu. Mganga atalihakikisha kwa kipimo cha umeme wa moyo.

MAMBO MATATU YASIYOONEKANA KWA CHOMBO

La kwanza ni upungufu wa damu. Tumesema kwamba oksimeta yauliza ni chukudu ngapi katika 100 zilizojaa. Haiulizi kama chukudu zenyewe zipo za kutosha. Mtoto aliyeshikwa na malaria kali, au mwenye ugonjwa wa seli mundu ambao wengi kwetu huuita SS, aweza kuwa amebakiwa na damu kidogo sana. Chukudu chache zilizobaki zaja zimejaa, na chombo chaandika 98. Lakini soko lina njaa. Mtoto ana vitanga vyeupe, ahema, achoka, ashindwa kunyonya. Mzazi asitulizwe na 98 ile. Mtoto huyu ataka kupimwa damu yake leo.

La pili ni moshi wa makala. Twajua sote jinsi watu wanavyoingiza mbabula ndani ya nyumba wakati wa baridi au mvua, wakafunga mlango na madirisha, wakalala. Makala yanayoungua katika nyumba iliyofungwa hutoa hewa yenye sumu, isiyo na harufu wala rangi, iitwayo oksidi ya kaboni. Sumu hiyo huishika hemoglobini kwa nguvu nyingi kuliko oksijeni. Ni kama watu waovu waliopakia mawe katika chukudu na kuyafunika kwa turubai: mtazamaji wa kandokando aona zimejaa, naye ahesabu 97 au 98, kumbe soko halitapata chakula. Aliyekutwa amezimia, au anayeumwa kichwa na kutapika katika nyumba yenye mbabula, atolewe nje mara moja penye hewa safi na kupelekwa hospitali, hata kama chombo chasema yu mzima. Na heri zaidi ni kutoiingiza mbabula ndani kamwe.

La tatu ni rangi ya ngozi yetu. Jambo hili twaomba mlisome kwa makini.

MIZANI ISIYOPIMWA KWA MZIGO WETU

Namba ya oksimeta haitoki katika hesabu tupu. Watengenezaji huwachukua watu wenye afya waliokubali, huwapunguzia oksijeni kidogo kidogo, huwatoa damu katika mshipa na kuipima kwa mashine ya hakika, kisha hulinganisha na mwanga uliosomwa kidoleni. Kutoka kwa watu hao hupatikana kanuni inayotiwa ndani ya kila chombo. Lakini rangi nyeusi ya ngozi, inayoitwa melanini, nayo huzuia mwanga. Kama wengi wa watu wale walikuwa wenye ngozi nyeupe, kanuni ni ya ngozi nyeupe. Maelekezo ya wakuu wa Marekani ya mwaka wa 2013 yalitaka watu wasiopungua 10, na kati yao wenye ngozi nyeusi wasiopungua 2. Wawili!

Si kwamba hakuna aliyejua. Mwaka wa 1990 waganga wawili wa Marekani, Amal Jubran na Martin Tobin, waliandika kwamba kwa wagonjwa weusi waliokuwa mahututi chombo kilikosea mara nyingi zaidi kuliko kwa wazungu. Miaka 30 ikapita. Mwezi wa Desemba 2020, katikati ya Covid, Michael Sjoding na wenzake wa Chuo Kikuu cha Michigan walitangaza hesabu yao. Waliwachukua wagonjwa ambao chombo kilisema wana kati ya 92 na 96, yaani wasio na hatari kubwa, wakaitazama damu yao yenyewe. Kwa wagonjwa wazungu, 3,6 katika 100 walikuwa kweli chini ya 88. Kwa wagonjwa weusi, walikuwa 11,7 katika 100: zaidi ya mara tatu. Hao walikuwa wakikosa oksijeni huku namba ikiwasingizia afya.

Maandiko Matakatifu yachukia mizani isiyo sawa. Hapa hatusemi kwamba mtu fulani alikusudia kutudhulumu. Twasema kwamba mizani ilitengenezwa na mzigo wetu haukuwekwa juu yake, na walioambiwa walikaa miaka mingi bila kuirekebisha. Mwezi wa Januari 2025 wakuu wa dawa na vyombo vya Marekani walitoa mapendekezo mapya, kwamba chombo kipimwe kwa watu 150 au zaidi, wa ngozi za rangi zote. Ni jambo jema. Lakini vyombo vya zamani vingali vidoleni mwa wagonjwa, na vile vya bei ndogo vinavyouzwa sokoni mara nyingi havikuhakikishwa na mtu yeyote.

Je, tukitupe chombo? La, hasha. Aliye na taa yenye moshi haizimi akae gizani. Aifuta kioo, na kutembea kwa uangalifu. Sisi twashauri hivi. Kwanza, namba ikiwa chini, sadikini na kwenda upesi. Pili, namba ikiwa nzuri lakini mgonjwa aonekana vibaya, msadiki mgonjwa. Tatu, angalieni mwendo wa namba kuliko namba moja. Mtu aliyekuwa na 97 asubuhi, akawa na 93 jioni, ameshuka. Msingoje afike 90, kwa maana kwa ngozi yetu 92 au 93 yaweza kuficha namba iliyo mbaya zaidi. Andikeni saa na namba katika daftari, mkamwonyeshe mwuguzi.

MACHO YA MAMA

Wakati wa Covid waganga walistaajabu kuona wagonjwa waliozungumza vema hali oksijeni yao imeshuka sana. Hapo chombo kilishinda jicho. Lakini mahali pengi vijijini chombo hakipo, na hata kikiwapo, jicho lina kazi yake.

Adui mkubwa wa watoto wetu ni nimonia, ile homa ya mapafu. OMS lasema kwamba mwaka wa 2019 iliua duniani watoto 740.180 walio chini ya miaka mitano. Huyo ni adui anayeweza kutambuliwa nyumbani. Mtoto mwenye kikohozi avuliwe nguo ya kifua akiwa ametulia, wala asiwe analia. Mzazi ahesabu pumzi zake kwa dakika nzima. Mtoto aliye chini ya miezi miwili, akifika pumzi 60, ni hatari. Tangu miezi miwili mpaka kumi na miwili, ni 50. Tangu mwaka mmoja mpaka mitano, ni 40. Mtazame pia chini ya mbavu: kama kifua chaingia ndani anapovuta pumzi, hiyo nayo ni dalili ya hatari. Asiyeweza kunyonya wala kunywa, anayetapika kila kitu, anayeshikwa na degedege, anayelala bila kuamka vema, au mwenye ulimi na fizi zilizogeuka rangi kama majivu au buluu, huyo asingoje kesho. Kwa ngozi nyeusi tazameni ulimi na fizi, si mashavu.

Twawasihi wababa hasa. Mara nyingi mama ameona tangu jioni kwamba mtoto apumua vibaya, lakini aambiwa angoje mshahara, angoje shangazi, angoje maombi ya usiku. Kuomba ni wajibu wetu, lakini njiani pia kwaombwa. Yoshua bin Sira, katika sura ya 38 ya kitabu chake, atufundisha kumwomba Mungu katika ugonjwa na kumpa mganga nafasi yake vilevile, kwa sababu Mungu ndiye aliyemwumba. Hakuachia mtu achague moja na kukataa jingine.

NENO KWA JUMUIYA NA KWA WANAFUNZI

Jumuiya za kikristo na mashirika ya parokia hutafuta kila mwaka kazi ya huruma ya kufanya. Twatoa shauri: waulizeni masista au wauguzi wa dispanseri yenu kama wana oksimeta nzuri, na kama wana ile ya watoto. Msinunue wenyewe sokoni. Mwacheni mganga achague. Tena ulizeni juu ya oksijeni yenyewe, maana chombo kinachosema kwamba mtoto akosa oksijeni mahali pasipo na oksijeni ni kengele inayolia katika kijiji kitupu. Mashine ya oksijeni yataka umeme. Pengine mchango wenu utafaa zaidi kwa sahani za jua au kwa betri.

Nanyi wanafunzi, mnaolalamika kwamba somo la fizikia halina faida: mmeona sasa kwamba kosa la mwanga katika ngozi laweza kumwua mtu. Kosa hilo halikuonekana upesi kwa sababu waliokaa mezani hawakuwa na ngozi hiyo. Siku ile meza za namna hiyo zitakapokuwa na Wakongo wanaojua hesabu, mwanga na damu, mizani itapimwa kwa mzigo wetu pia. Bwana Aoyagi alikuwa mtu wa kazi tulivu, asiyekubali kuifuta kero kabla ya kuielewa. Mfano huo wawezekana hata katika shule isiyo na maabara.

Kwa wazazi twasema neno la mwisho. Mwuguzi atakapokitoa chombo kidoleni mwa mtoto wenu, msione haya. Mwulizeni kwa adabu: Namba ni ngapi? Jana ilikuwa ngapi? Damu yake yatosha? Mwuguzi mwema atafurahi kujibu, na mtoto atalindwa na macho mengi pamoja na ule mwanga mmoja mdogo.

Mungu awalinde ninyi na jamaa zenu. Juma lijalo, akipenda, tutazungumza juu ya maji ya kunywa na namna ya kuyatunza nyumbani.